Mwalimu wa Kiingereza Asiyesema

Jumatatu, 2 Juni

Nimepata! Hatimaye nimepata dawa ya mdomo wa shemeji.

Asubuhi tajiri alinituma kupima madirisha ya ofisi ya wakili mmoja. Niko juu ya kiti, futi shingoni, penseli sikioni, mara naona kupitia kioo tangazo ukutani ng'ambo ya barabara. Herufi nyekundu. Chuo kinatoa cheti cha kufundisha Kiingereza. Kozi fupi. Ukihitimu unatafutiwa kazi nchi za nje, nyumba juu yao, tiketi juu yao! Nikashuka palepale. Dirisha la tatu sikulipima. Nimelikadiria kwa macho. Macho yangu hayajawahi kunidanganya zaidi ya mara chache.

Shemeji, yaani mume wa dada yangu, aliwahi kupelekwa semina ng'ambo na kampuni yake ya bima. Wiki mbili tu! Tangu arudi hawezi kuomba chumvi bila kutaja "kule kwa wenzetu". Kule kwa wenzetu watu wanapanga foleni hata wakiwa wawili. Kule kwa wenzetu paka ana daktari wake. Tena analo koti zito lenye manyoya shingoni, na analivaa kwenye joto hili hili, jasho linamchuruzika mpaka kwenye soksi. Akiambiwa avue anasema mwili wake umeshazoea hali ya hewa ya kule.

Basi mimi siendi semina. Mimi nahamia! Nitarudi likizo na makoti matatu, nitayavaa yote kwa pamoja, na safari ya kwanza itakuwa kwake kumsalimia.

Kikwazo kimoja. Tajiri wangu, mama mwenye duka la mapazia ninapouza, anafungua tawi la pili. Nafasi ya msimamizi amesema ni yangu nikiitaka. Anataka jibu Jumamosi. Usajili wa chuo nao unafungwa Jumamosi hiyohiyo. Nikamweleza Fundi, mzee anayeshona kwenye chumba chetu cha nyuma. Hakuinua hata macho kwenye cherehani. Akasema njia mbili zilimshinda fisi. Nikamwambia fisi alikosa mpango tu.

Mke wangu, ambaye anauza kwenye duka la dawa, ameniuliza jioni swali la ajabu. Eti mimi mwenyewe, moyoni, nataka nini? Nimemjibu nataka vyote. Akasema hilo si jibu, akaniachia vyombo nivioshe.

Jumanne, 3 Juni

Nimepiga simu chuoni. Karani akanifungulia siri ya kazi. Mwalimu anaingia darasani hajui lugha ya wanafunzi, nao hawajui yake. Lazima aeleweke kwa mikono, kwa uso, kwa vitu. Wengi wanashindwa hapo, akasema. Kiingereza wanacho, mikono hawana.

Wazo likanijia simu ikiwa bado sikioni. Kabla ya kuamua, nijipime! Siku nzima dukani nisitamke neno. Nikiweza kumuuzia mtu pazia kwa mikono mitupu, darasa la Kiingereza litakuwa kama kumsukuma mlevi.

Mteja wa kwanza: mama wa makamo, miwani mikubwa, mkoba mkubwa zaidi. Nikambatiza Mama Miwani. Akauliza kama tuna kitambaa chepesi. Nikakamata kile cha neti, nikakipuliza, kikaruka mpaka kwenye feni. Akauliza kizito, cha kuzuia jua. Nikajifunika kichwa, nikapapasa kama mtu aliye gizani, nikajigonga kwenye rafu. Huko kujigonga hakukuwa maigizo. Akauliza kinafuliwaje. Hapo nilifua, nikakamua, nikaanika, nikapiga pasi, nikaungua kidole, nikakipuliza. Kazi safi!

Nikaona machozi yanamlenga. Akaanza kuniongelesha polepole kwa sauti ya juu, ungedhani nimesimama ng'ambo ya mto. Akanishika mkono. Akasema Mungu hamnyimi mja wake vyote.

Sikumwelewa. Alipomgeukia tajiri na kumsifu kwa kumwajiri bubu, ndipo nikaelewa. Nikafungua kinywa kusahihisha. Sekunde hiyohiyo akatoa oda yake: jengo zima! Ghorofa ya chini na ya juu, hadi kibanda cha mlinzi. Nikafunga kinywa.

Tajiri alinitazama mimi, akaitazama oda, akanitazama tena. Akasema kwa sauti laini kwamba mimi ni kama mwanawe wa kumzaa. Miaka yote hii hajawahi kuniambia hivyo! Mama Miwani alipotoka tu, sauti laini ikaisha. Amri: mpaka mapazia ya yule mama yatundikwe, nikitamka neno humu dukani nimejifukuza kazi mwenyewe. Fundi ndiye atakayekwenda kupima madirisha. Mimi nibaki mbele, nionekane.

Nyumbani mke wangu hakucheka. Alisema wapo watu wasiosema kweli, na hakuna anayewaagizia mapazia ya jengo zima. Wanarukwa hata kwenye foleni pale dukani kwake. Nikamweleza kwamba haya ni mazoezi ya kitaaluma. Akasema taaluma gani, wakati hata sijaamua kujiunga. Hilo nalo ni kweli, ila halikuwa la kusemwa wakati nakula.

Jumatano, 4 Juni

Sifa zangu zimeenea! Watu wanaingia dukani kuniona tu, wanatoka na mapazia. Leo nimeuza kitambaa cha maua ya zambarau ambacho kimekaa rafuni tangu tajiri akiwa kijana. Nimemwonyesha mnunuzi kwa mikono jinsi maua yanavyochanua jua likipanda. Nilichanua mwenyewe, katikati ya duka.

Adui yangu ni Fundi. Anajua siwezi kujibu. Anatoka chumba cha nyuma, pini mdomoni, anakaa karibu na wateja na kuwapa habari zangu huku nikisikia. Kwamba naogopa mende. Kwamba ushonaji ulinishinda, nikashona mkono wa shati langu kwenye pindo la pazia la mtu. Kila nikitikisa mikono kukanusha, yeye anawafasiria: anasema ni kweli kabisa. Wateja wanamhurumia yeye pia, kwa kunivumilia.

Jioni maneno ya siku nzima yalikuwa yamenijaa mpaka kooni. Na dada na shemeji walikuja kula kwetu! Niliongea tangu mlangoni. Shemeji alipoanza tu kwamba kule kwa wenzetu supu inaliwa kabla ya chakula, nikamkata. Nikasema naomba kuwaarifu kwamba naondoka. Nakwenda ng'ambo kufundisha Kiingereza. Chuo tayari, safari karibu.

Sikuwa nimeamua. Mdomo uliamua wenyewe, mimi nikaufuata.

Lakini mngemwona shemeji! Kijiko kilisimama hewani. Aliishia kufunga kifungo cha juu cha koti lake, kwenye joto lile. Dada akapiga kigelegele. Mke wangu akaangalia sahani yake. Baadaye shemeji akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, hicho chuo kiko mtaa gani. Nikamwelekeza hadi rangi ya geti. Mshindi hana budi kuwa mkarimu.

Jikoni dada akaninong'oneza jambo tamu, akiniapisha kwanza. Lile koti shemeji hakulinunua ng'ambo. Alilinunua kwenye mitumba, hapahapa, wiki moja baada ya kurudi! Nimeapa sitamwambia mtu, na mimi nikiapa nimeapa.

Mke wangu akageukia ukutani kulala. Nilimuuliza kama amefurahi kwamba nakwenda. Akaniuliza, yeye atabaki na nani? Nikasema nitamtumia picha.

Alhamisi, 6 Juni? Hapana, ni tarehe 5. Leo sijui hata siku, kwa furaha.

Niandike kwa utaratibu. Nilimuaga tajiri kwa ishara kwamba jino linaniuma. Akaniambia kwa ishara kwamba akinikuta linauma kwenye baa atalitoa mwenyewe. Nikaenda chuoni kwenye usaili niliopangiwa na karani kwenye simu. Njia nzima nilifanya mazoezi ya Kiingereza kwa sauti, watu wakinipisha.

Karani, simu ikiwa sikioni, akanifungulia mlango wa mkuu wa chuo kabla sijatamka neno. Nyuma ya meza: miwani mikubwa. Nyuma ya miwani: Mama Miwani! Na nyuma yake madirisha matupu, yasiyo na mapazia, yanayosubiri mapazia yangu.

Akanitambua. Akasimama. Akapiga mikono yote miwili kifuani. Nilikuwa na sekunde moja ya kusema ukweli, na sekunde hiyo niliitumia kutabasamu.

Fikiria mwenyewe! Nikisema, mimi ni tapeli, oda inafutwa, tajiri ananinyonga. Nisiposema, nimekuja kwenye usaili wa Kiingereza bila Kiingereza. Nikachagua kutosema, kwa sababu hilo halikuhitaji maandalizi.

Aliwaita walimu wote waje wanione. Akaniuliza, polepole na kwa sauti ya juu, kwa nini mtu asiyesema anataka kufundisha Kiingereza nchi za mbali. Nikajibu kwa mikono. Nikaonyesha koti. Nikaonyesha jasho. Nikaonyesha mdomo wa shemeji unavyopayuka, kisha nikaufunga kwa nguvu kwa vidole viwili. Mama Miwani akawafasiria wenzake kwamba natamani kuwafunika wanaoteswa na baridi, kuwapangusa jasho wanyonge, na kuifungua midomo iliyofungwa. Mwalimu mmoja akatoka nje kulia. Sababu yangu yote ya kwenda ng'ambo, ukiitoa maneno, ilikuwa ni koti la mtu.

Kisha ikaja kubwa. Nikapelekwa darasani mbele ya wanafunzi wao, niwape somo, somo lolote. Nikawaza, mimi najua nini duniani? Mapazia! Nikawasimamisha vijana wawili, wakanyoosha mikono ikashikana, wakawa bomba la pazia. Nikavuta kitambaa cha meza. Nikawafundisha kukunja marinda, kuhesabu pete, kutundika, kusogeza. Wakikosea najifanya mwanga wa jua unanichoma macho, nadondoka. Wakipatia nalala usingizi, nakoroma. Darasa lilicheka mpaka la jirani likaja kuchungulia! Kulikuwa na dada mmoja nyuma kabisa, ambaye karani alisema tangu kozi ianze hajathubutu kusimama. Alisimama. Alikuja mbele mwenyewe, akatundika pazia lile vizuri kuliko Fundi, akainama kwa heshima, akapigiwa makofi.

Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi sana. Sikumkumbuka shemeji hata kidogo. Nilitaka kengele isilie.

Mama Miwani akanishika mabega akasema nafasi ni yangu. Usajili wangu utamalizika Jumamosi. Nimekubaliwa! Sasa najua ninachotaka. Nataka kusimama mbele ya watu na kuwafanya waelewe kitu. Huko ng'ambo au kichakani, nipeni darasa tu!

Nimemweleza mke wangu yote, nikimwonyesha kila pazia. Amecheka, mara ya kwanza wiki hii. Halafu akakaa sawa. Akasema kesho asubuhi, kabla ya jambo lolote, niende kwa yule mama nikamwambie ukweli, maana njia ya mwongo ni fupi. Nimemkubalia kwa moyo wote. Nitamwambia mara tu baada ya kutundika mapazia.

Ijumaa, 6 Juni

Historia lazima iandikwe.

Mimi na Fundi tulifika chuoni asubuhi na mzigo wote. Mama Miwani akatupokea kwa chai. Nikawaza, nimwambie sasa? Chai ilikuwa moto. Nikaamua ipoe kwanza. Ilipopoa akawa ameitwa.

Kabla hatujapanda ngazi, bomba la chuma likamponyoka Fundi, likatua kwenye kidole gumba cha mguu wangu. Mtihani wa mwaka! Niliruka. Nilizunguka. Niliuma pazia. Machozi yalitoka yenyewe. Lakini sauti? Hata mkwaruzo! Fundi mwenyewe alinipa heko. Akasema hakujua kama ninaweza kuwa mwanaume kiasi kile.

Tukapanda kwenye darasa kubwa, mimi ngazi hii, yeye ngazi ile, bomba katikati yetu. Chini yetu masomo yanaendelea. Mama Miwani ameketi pembeni na walimu, wanawasikiliza waombaji wa mwisho, kila mmoja akitoa somo la majaribio. Akaja wa kwanza, akapita. Akaja wa pili.

Wa pili alikuwa amevaa koti.

Shemeji! Alikuja kujisajili kwenye chuo changu! Niliyemwelekeza hadi rangi ya geti! Hakuangalia juu. Akasimama katikati, jasho likimtiririka, akatangaza kwamba somo lake ni theluji, na kwamba yeye ndiye pekee humu aliyewahi kuikanyaga. Akapandisha suruali kuonyesha ilikomea wapi. Magotini! Akasema siku moja alitoka hotelini, baridi ikamkata pumzi, na lau si koti hili, ambalo alilinunua palepale kwa fundi maarufu wa kule kwa wenzetu, leo angekuwa marehemu. Wanafunzi wakalishika koti kwa zamu. Yule dada wa nyuma, mwanafunzi wangu mimi, akaligusa manyoya kwa vidole viwili.

Maumivu ya chuma niliyavumilia. Shemeji hapana.

Nikapayuka. Kutoka juu kabisa ya ngazi! Nikasema muongo mkubwa wewe, ulikwenda msimu wa joto, picha zote umevaa kaptura! Nikasema theluji umeiona kwenye friji! Nikasema hilo koti umelinunua kwenye mitumba, mkeo kaniambia jikoni kwangu juzi! Halafu nikarudia yote kwa Kiingereza, ili walimu wanipe alama.

Mama Miwani akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena, akanitazama. Mwanafunzi mmoja akapiga kelele kwamba ni muujiza, bubu amesema! Watu wakaanza kusimama. Nikaona mlango umefunguliwa na mbingu! Nikainua mikono, nikasema kwa sauti ya kutetemeka, nimepona!

Fundi, kwenye ngazi yake, hakuacha hata kuingiza pete. Akasema huyu? Huyu asubuhi njia nzima ameniongelesha mpaka nimepita kituo.

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu umeponza mpaka kidole cha mguu, maana niliposhuka mbio nilikigonga tena palepale.

Jumamosi, 7 Juni

Siku ya majibu. Mimi sikutoa jibu, nilipewa.

Tajiri alikuwa ameshapigiwa simu; oda imepona tu kwa kuwa Fundi alibaki akatundika yote. Alianza na mimi hata sijavuka kizingiti. Eti yeye aliniambia ninyamaze, hakuniambia nipande ngazi nikahutubie. Na wakili naye kapiga simu: pazia la dirisha lake la tatu limeishia katikati ya kioo, wateja wake wanaonekana kiunoni kwenda chini. Tawi jipya nisahau kabisa. Shukuru Mungu, akasema, nikikuachia hata hili la zamani.

Dada naye kapiga. Shemeji hasemi naye. Ameniambia nisimwite dada mpaka Krismasi au Idi, itakayochelewa zaidi.

Mke wangu akavaa nguo zake nzuri akasema anakwenda kuniombea radhi, kwa sababu mimi nikiomba nitaongeza chumvi. Alianzia dukani. Mimi nilijificha chumba cha nyuma, kati ya majora ya vitambaa, Fundi akinitupia macho. Nikasikia kila kitu. Wakati anamsubiri tajiri, wateja walimdhani ni muuzaji. Mmoja akataka kile cha zambarau. Mke wangu akamwambia asinunue, kitapauka juani kabla ya mwaka. Nilitaka kulia! Kumbe mteja akamshukuru, akachukua cha ghali zaidi. Wa pili hivyohivyo. Tajiri alikuwa amesimama nyuma yake anasikiliza. Walipomaliza kuongea kuhusu mimi, na hawakuchukua muda, tajiri akampa tawi.

Akampa tawi! Mke wangu! Jumatatu ya wiki ijayo anaaga duka la dawa. Mimi nitamsaidia kupima madirisha akinihitaji. Amesema dirisha la tatu atakuwa analipima yeye.

Kutoka hapo akaenda chuoni peke yake. Nilikaa mlangoni kwetu kumsubiri. Mchezo umekwisha, niseme kweli: niliogopa. Kila mtu aliyepita barabarani nilimwona ana miwani.

Alirudi, akaketi kando yangu, akanieleza. Mama Miwani amekasirika sana. Aliwakusanya walimu wake kwa ajili yangu, na hilo haliwezi kufutika kwa chai. Lakini mke wangu alipofika kwenye habari za koti, yule mama alicheka mpaka akaomba maji. Akasema jambo moja ambalo nimelirudia kichwani tangu jioni. Akasema bubu nilidanganya, lakini lile somo sikudanganya. Hakuna uigizaji unaoweza kumsimamisha yule dada wa nyuma.

Nafasi yangu ipo! Ameishikilia. Sharti lake ni moja. Jumatatu asubuhi nije mwenyewe, niingie kwa mlango, nisimame mbele ya wanafunzi walewale, niwaambie kwa mdomo wangu kwamba niliwadanganya na naomba radhi. Basi. Nikimaliza nikae kwenye kiti changu, somo lianze. Nikileta ujanja wowote, hata mdogo, geti nisilione tena.

Mke wangu akanishika ukosi wa shati. Akasema Alhamisi nilirudi na uso ambao hajauona tangu tuoane, ndiyo maana amekwenda kujidhalilisha kwa ajili yangu. Akasema kazi ya ng'ambo ikija tutaongea, yeye haogopi tena. Kwa sasa ananiomba kitu kimoja: nenda, sema kweli, kaa. Akarudia: nenda, sema kweli, kaa. Nikamwapia. Tulikumbatiana pale mlangoni, majirani wakiona, na sikujali.

Jumapili, 8 Juni

Nimelala na ukweli, nimeamka na mpango!

Mke wangu ametoka mapema kwenda kuliona tawi lake. Nikasimama mbele ya kioo kufanya mazoezi ya kesho. "Mimi si bubu. Niliwadanganya. Naomba radhi." Nikamaliza. Nikarudia. Nikamaliza tena! Hii ndiyo kasoro ya ukweli, ukishausema umeisha, huna pa kushika. Watu wamelia, wamecheka, wamesimama kwa ajili yangu, halafu niwape maneno hayo machache kama mtu anayeomba njia? Ni kuwadharau.

Ndipo nikamwona kwenye kioo. Pacha wangu!

Aliyenyamaza Jumanne na Alhamisi ni ndugu yangu, bubu tangu utotoni, mtu mpole sana. Aliyepayuka Ijumaa ni mimi. Hakuna aliyedanganya! Kesho mimi nitaomba radhi kwa ajili ya kupayuka kwangu, kisha ndugu yangu ataingia kuwaaga, watalia upya, na viti tutapewa viwili. Mke wangu ameshamweleza Mama Miwani habari tofauti, ni kweli. Lakini mke anaweza kujua nini kuhusu pacha wa mumewe?

Nimenyoa masharubu upande mmoja kwa mazoezi, kisha ikabidi ninyoe yote. Nitatokea mlangoni nikiwa na masharubu ya uzi mweusi niliouchukua kwa Fundi, nitapita nyuma ya mapazia ya dirisha la mwisho, nitatokea upande wa pili bila masharubu. Mapazia yale nayajua, yanafika mpaka sakafuni.

Shahidi ninaye. Nimempigia shemeji, tumesameheana kwa dakika moja. Atakuja bila koti, kama binamu yake mwenyewe, na ataapa kwamba alitujua sote wawili tangu tukiwa wadogo. Naye anataka nafasi yake irudi. Jamani, kumbe ni mtu mwenye akili!

Mke wangu amerudi sasa hivi, amechoka, anaimba. Ameniuliza kama niko tayari kwa kesho. Nimemwambia tuko tayari. Hakusikia vizuri, akanibusu kwenye paji la uso.

Najua Mama Miwani atashtuka kidogo kusikia nina pacha. Mimi mwenyewe nimejua leo asubuhi, na nimeshamzoea.